Difu: Historia ya Chombo, Jina Lake, na Sauti za Maradhi Yake

UTANGULIZI

Mfasiri anayepewa kitabu cha matengenezo ya magari hukutana na matatizo ya namna mbili. La kwanza ni majina ya vyuma. Hili ndilo linalomtia hofu, maana vyuma ni vingi na kila kimoja kina jina lake katika lugha ya kigeni. La pili ni majina ya dalili, yaani sauti, mitikisiko, harufu na mwenendo wa gari pindi chuma fulani kinapoanza kuharibika. Hili la pili aghalabu halimtii hofu hata kidogo. Kila anapokuta neno lihusulo sauti huandika "kelele", akaendelea na kazi yake.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hofu hiyo imewekwa pasipo mahali pake. Majina ya vyuma kwa sehemu kubwa yamekwisha kupatikana katika gereji zetu, na kazi iliyobaki ni kuyapanga tu. Bali majina ya dalili, ambayo Kiswahili kinayo tele, ndiyo yanayopotea katika maandishi, na yakipotea hupotea pamoja nayo uwezo wa fundi wa kutambua ugonjwa kwa kusoma.

Tumechagua mfano mmoja, nao ni difu, hasa difu za magari ya kasi ambayo injini yake huendesha magurudumu yote manne. Sababu ya kuchagua magari haya ni kwamba gari moja huwa na difu tatu, wala si moja. Kosa dogo la neno laweza kumfanya fundi afungue difu nzima iliyo salama na kuiacha iliyo mgonjwa. Gharama yake si ya fedha peke yake. Beringi ya difu ikikwama gari likiwa katika mwendo, magurudumu huweza kufunga ghafula, na dereva asiweze tena kulimudu gari.

KAZI YA DIFU

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Tuchukue gari ambalo nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 1.5, nalo linazunguka duara kamili ambalo nusu kipenyo chake, kikipimwa hadi katikati ya ekseli ya nyuma, ni mita 6. Gurudumu la nyuma la ndani litasafiri mita 33 hivi, na la nje mita 42.4. Tofauti ni mita 9.4. Kama magurudumu hayo yamefungwa katika ekseli moja isiyogawanyika, hapana budi moja liburuzwe au ekseli ivunjike.

Difu ndiyo inayoondoa shida hii. Nguvu ya injini hufika kwa mti mrefu uitwao propela, ikaingia katika gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni. Ndani ya krauni zimo gia nyingine ndogo ndogo ambazo hugawa nguvu hiyo kwa ekseli mbili za pembeni. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo ndogo hazijizungushi zenyewe. Huchukuliwa tu na krauni. Gari likikata kona, huanza kujizungusha, na kadiri gurudumu moja linavyopungua mwendo ndivyo la pili linavyoongezeka.

Msomaji aliyepata kuona ng'ombe wa plau ataelewa jambo hili upesi. Mnyororo wa plau hufungwa katikati ya nira. Ng'ombe mmoja akitangulia kidogo, nira hupinda upande, wala plau haisimami, na kila ng'ombe huendelea kuvuta sehemu yake sawa. Lakini mfano huo huo unaonyesha udhaifu wa chombo. Ng'ombe mmoja akiteleza asivute, nguvu ya mwenzake nayo haina pa kushikia. Ndivyo ilivyo kwa difu ya kawaida: gurudumu moja likiingia katika tope huzunguka bure, na lililo juu ya ardhi kavu husimama likitazama. Sehemu kubwa ya historia ya difu katika karne ya ishirini ni historia ya kuutibu udhaifu huu.

KUZALIWA KWA CHOMBO NA MAJINA YAKE

Mwishoni mwa miaka ya 1820 fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya difu kwa ajili ya gari la mvuke. Mwaka 1832 Richard Roberts, fundi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alipata hataza ya chombo cha namna hiyo hiyo kwa magari ya mvuke ya barabarani. Mwaka 1877 James Starley wa Coventry alikitumia chombo hiki katika baiskeli za magurudumu matatu, maana mpandaji wa chombo chenye magurudumu mawili ya nyuma alipata taabu ile ile ya kukata kona. Karl Benz naye alipotengeneza gari lake la petroli la magurudumu matatu katika miaka ya 1885 na 1886, alitia difu ndani yake. Kwa hiyo difu ni mzee kuliko gari la petroli kwa zaidi ya miaka 50.

Linalotuhusu zaidi sisi wa istilahi ni kwamba chombo hiki hakikuzaliwa na jina moja. Roberts alikiita kwa maneno yenye maana ya "gia ya fidia", kwa kuwa gurudumu moja humlipa mwenzake mwendo aliopungukiwa. Watengenezaji wa baiskeli za magurudumu matatu walikiita kwa maneno yenye maana ya "gia ya mizani". Jina linalotokana na neno la Kilatini la "tofauti", lililokwisha kuzoeleka katika hisabati, ndilo lililoshinda baadaye katika Kiingereza na Kifaransa. Wajerumani wanalijua jina hilo pia, lakini katika vitabu vyao vya ufundi wanalo la kwao, Ausgleichsgetriebe, ambalo maana yake ni mtambo wa gia za kusawazisha. Wajapani waliunda jina rasmi, sadō sōchi, yaani kifaa cha mwendo tofauti.

Tunaona basi kwamba mataifa haya yalitazama chombo kimoja kwa macho mbalimbali. Wengine waliona tofauti ambayo chombo kinairuhusu. Wengine waliona usawa ambao chombo kinauleta. Wote ni wakweli, maana difu hutofautisha mwendo na husawazisha nguvu. Hapa pana fundisho kwa yeyote anayedhani kwamba istilahi ya Kiingereza ndiyo kitu chenyewe, na kwamba kazi yetu ni kuigeuza neno kwa neno.

Mfasiri atakayeigeuza neno kwa neno ataandika "gia ya tofauti", na asiyeridhika nayo huenda akaandika "gia ya hitilafu". Na tulitazame neno hili la pili. "Hitilafu" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutofautiana. Kiswahili kimeipokea maana hiyo, kikaongeza nyingine: kasoro, ubovu, jambo lisilokwenda sawa. Leo mtu akisema gari lina hitilafu, hakuna anayefikiri juu ya tofauti za mwendo. Kila mtu hufikiri gari ni bovu. Kwa hiyo "hitilafu ya gia ya hitilafu" ingekuwa sentensi ya kuwachekesha wanafunzi wa ufundi, na "tofauti ya nyuma ina tofauti" isingekuwa na nafuu kubwa.

Wakati wataalamu wangali wakitafakari, gereji zetu zilikwisha kuamua. Mafundi wa Kenya na Tanzania husema "difu". Neno hili ni kifupisho cha neno la Kiingereza, silabi ya kwanza ikiwa imebaki na kuongezewa irabu. Nalo limefuata kanuni ya lugha yetu: konsonanti inayotamkwa kwa mdomo ikifika mwisho wa neno la mkopo, aghalabu huchukua irabu u, kama tunavyoona katika pampu, klabu, stempu na fomu. Jambo la kupendeza ni kwamba mafundi wa Japani nao walifupisha neno hilo hilo la kigeni wakapata "defu", na jina lao rasmi likabaki vitabuni. Gereji mbili zilizo mbali kabisa, bila kushauriana, zimefika karibu mahali pamoja. Neno fupi, lenye kutamkika na mikono ikiwa imejaa oili, limelishinda neno la kitabu.

KUTOKA DIFU MOJA HADI TATU

Kwa miaka mingi gari la kawaida lilikuwa na difu moja, tena ya nyuma, na neno "difu" peke yake lilitosha. Mabadiliko yalikuja kwa magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, na hapa ni lazima kupambanua namna mbili ambazo lugha ya gereji imezichanganya.

Namna ya kwanza ni ile ya Land Rover za kazi zilizoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na baadaye. Gari hilo lilikuwa na difu ya mbele na ya nyuma, lakini halikuwa na difu katikati. Barabarani liliendeshwa na magurudumu ya nyuma tu. Penye tope dereva alivuta wenzo, ekseli mbili zikafungwa pamoja. Mafundi na madereva waliita kitendo hicho "kutia foo wili". Dereva aliyesahau kuitoa foo wili juu ya lami alihisi gari likijikaza katika kona, kwa sababu magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Katika duara lile tulilolitaja, gari likiwa na urefu wa mita 2.5 kati ya ekseli na ekseli, ekseli ya mbele husafiri mita 40.8 na ya nyuma mita 37.7. Tofauti ya mita 3 na ushei haina pa kwenda, ila katika mkazo wa vyuma.

Namna ya pili ni gari ambalo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, kwa kuwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma imetiwa difu ya tatu. Kampuni iliyoanzishwa na Harry Ferguson ilikuwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii. Gari lake la mashindano, P99, likiendeshwa na Stirling Moss, lilishinda mashindano ya Oulton Park, Uingereza, mwaka 1961. Mwaka 1966 ufundi huo ulitiwa katika gari la barabarani, Jensen FF. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 nayo ilikuwa na difu ya kati ambayo dereva aliweza kuifunga.

Gari lililoueneza ufundi huu katika magari ya kasi lilikuwa Audi quattro, lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1980. Katika quattro ya awali dereva mwenyewe alifunga difu ya kati na ya nyuma kila alipotaka. Baadaye katika miaka hiyo ya 1980 kampuni hiyo ilianza kutumia difu ya kati ya Torsen, ambayo asili yake ni hataza ya Vernon Gleasman wa Marekani ya mwaka 1958, na ambayo hujikaza yenyewe kwa msuguano wa gia zake mara ekseli moja inapoanza kuteleza.

Afrika Mashariki iliushuhudia ushindani huu nyumbani kwake. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hayakuipokea quattro kwa ushindi wa haraka. Tangu mwaka 1981 hadi 1986 washindi walikuwa magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili: Datsun za Shekhar Mehta, Opel ya Ari Vatanen, na Toyota za Björn Waldegård na Juha Kankkunen. Mwaka 1987 ndipo Hannu Mikkola aliposhinda kwa Audi 200 quattro. Tangu hapo hadi mwaka 2002, mashindano yalipotoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia, kila mshindi aliendesha gari la magurudumu yote manne. Miongoni mwa washindi hao alikuwamo Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994 kwa Toyota Celica, na Colin McRae mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Mashindano yalipoirudia ratiba hiyo mwaka 2021, hali ilikuwa ni ile ile.

Kisha magari ya aina hiyo yakaja kwetu kwa njia ya kawaida zaidi, yaani kununuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, zote zilizotoka mwaka 1992, zilikuwa na difu tatu katika magari yake ya kasi. Difu ya kati iliongezewa kiungo cha mnato, yaani kopo lenye sahani nyembamba nyingi zilizozama katika majimaji ya silikoni. Ekseli moja ikizidi mwendo, majimaji huzivuta sahani za upande wa pili. Mwaka 2001 Mitsubishi iliingia hatua nyingine kwa Evolution VII, ambayo difu yake ya kati hukazwa na klachi inayotawaliwa na kompyuta. Fundi aliyejifunza kazi kwa Land Rover, na ambaye neno lake "foo wili" lilikuwa na maana ya ekseli kufungwa pamoja, sasa anapokea gari la "foo wili" ambalo ekseli zake hazipaswi kufungwa. Neno ni moja. Ugonjwa wa gari moja ni afya ya jingine.

FUNDI ANAVYOSIKILIZA

Tuje sasa kwenye utambuzi wenyewe. Fundi mwenye uzoefu haanzi kwa spana. Huanza kwa maswali matatu: sauti ni ya namna gani, hutokea wakati gani, na hutoka wapi. Kila swali linadai neno lake.

Kwanza huondoa yasiyo difu. Tairi zilizolika vibaya hutoa mvumo unaofanana sana na wa difu. Lakini mvumo wa tairi hubadilika gari likitoka lami laini kuingia lami ya kokoto, na wa difu haubadiliki. Tena tairi zaweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa difu ya kati. Tairi mpya yenye mashina ya milimita 8 na iliyolika hadi milimita 1.6 hupishana mzingo kwa kiasi cha milimita 40. Mtu akitia tairi mpya mbele na kuacha za zamani nyuma, na mzingo wa tairi mpya ukiwa mita 2, ekseli ya nyuma itazidi ya mbele kwa mizunguko 10 hivi katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa yapata kilomita 190, ni mizunguko inayokaribia 2,000, na yote hupita katika difu ya kati, barabara iwe imenyooka vipi. Kiungo cha mnato huchemka, na mwisho hukwama au huchoka. Ndiyo maana Subaru huelekeza kwamba mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi.

Yasiyo difu yakiisha kuondolewa, sauti hupambanuliwa.

Mvumo ni sauti ya juu, nyembamba na yenye kuendelea. Ukisikika dereva anapokanyaga mafuta na kutoweka anapoachia, au kinyume chake, shaka iko katika meno ya pinioni na krauni, maana upande mmoja wa jino hubeba mzigo gari linapovutwa, na upande wa pili gari linaposukuma injini.

Mngurumo ni sauti nzito, yenye kukoroma, isiyojali kama dereva amekanyaga au ameachia, bali huzidi kwa mwendo. Hii ni sauti ya beringi. Na hata hapa kuna upambanuzi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 kwa dakika. Pinioni, ikiwa uwiano wa difu ni 3.9, huzunguka mara 1,950. Kwa hiyo beringi ya pinioni hunguruma kwa kasi iliyo karibu mara nne ya ile ya beringi ya gurudumu. Sikio lililozoea huwatenga ndugu hawa wawili kabla ya kufungua bolti hata moja.

Kishindo ni sauti moja nzito inayotokea mara gia inapoingizwa au dereva anapokanyaga ghafula. Husema kwamba mahali fulani pana mchezo: katika viungo vya propela, katika meno ya gia, au katika mti unaobeba gia ndogo za ndani.

Mdato ni sauti kavu inayorudiwarudiwa, kama ya vijiti vikavu vinavyovunjika, gari linapokata kona kali. Aghalabu hii haitoki katika difu bali katika kiungo cha ekseli kilicho karibu na gurudumu la mbele, nayo imewafanya wengi washuku difu isiyo na hatia.

Sauti ya tano imepata jina kutoka katika mwili wa binadamu. Difu zenye sahani za klachi za kuzuia mtelezo huhitaji oili yenye dawa maalumu. Zikitiwa oili isiyofaa, sahani hushika na kuachia, hushika na kuachia, gari linapokata kona polepole. Hatuoni neno la kufaa kuliko kigugumizi. Mwenye kigugumizi hukwama, akaachiwa, akakwama tena. Nazo sahani ni hivyo hivyo. Dawa ya kwanza ya kigugumizi ni kubadili oili, wala si kununua difu.

Lipo jambo la sita lisilo sauti, nalo ni kujikaza. Gari la difu tatu likijikaza na kurukaruka wakati wa kuegeshwa, kiungo cha mnato au klachi ya difu ya kati imekwama. Fundi wa Land Rover angeuliza tu kama foo wili imetolewa.

Baada ya masikio huja macho na mikono. Oili ya difu hukaguliwa: vumbi laini la kijivu juu ya sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida, bali magamba na vipande vya chuma ni habari mbaya. Meno ya krauni hupakwa rangi na kuzungushwa ili alama ionyeshe yanapogusana. Mchezo wa meno hupimwa kwa saa ya mshale, na kwa magari mengi madogo hutakiwa uwe kati ya milimita 0.10 na 0.20. Difu ya kawaida hujulikana kwa kuinua magurudumu yote mawili ya ekseli, gia ikiwa imeingizwa: ukizungusha gurudumu moja mbele, la pili hurudi nyuma. Gari la difu tatu halipaswi kuwashwa na kutiwa gia huku ekseli moja tu ikiwa imeinuliwa, kwa sababu ekseli iliyo chini huweza kulirusha gari kutoka juu ya jeki. Onyo hili likifasiriwa vibaya, mtu huweza kupoteza maisha.

Kompyuta za magari ya baadaye hazikuiondoa haja ya haya yote. Zinaweza kutaja waya uliokatika au pampu ya klachi isiyofanya kazi. Haziwezi kusikia beringi.

MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe na wasomaji.

Difu: chombo kizima cha gia kinachopokea nguvu na kuigawa pande mbili huku kikiruhusu pande hizo zizunguke kwa mwendo usio sawa. Wingi wake pia ni difu.

Difu ya mbele, difu ya kati, difu ya nyuma: majina haya yatajwe kwa ukamilifu kila mara katika gari lenye difu zaidi ya moja.

Gia za mgawo: gia ndogo zilizo ndani ya krauni.

Kiungo cha mnato: kopo la sahani na silikoni linalokaza difu.

Difu ya kuzuia mtelezo: difu yenye sahani za klachi, au gia za kujikaza, ili gurudumu moja lisizunguke bure.

Foo wili ya kutia, foo wili ya daima: namna mbili za uendeshaji tulizozieleza. Neno la gereji limebaki, kivumishi ndicho kinachopambanua.

Mchezo: nafasi iliyopo kati ya jino na jino, au kati ya chuma na chuma, kabla ya kushikana.

Mvumo, mngurumo, kishindo, mdato, kigugumizi: sauti tano kama zilivyoelezwa hapo juu. Neno "kelele" litumike tu pale ambapo namna ya sauti haijajulikana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hatukuchagua "mwaliko" badala ya "mdato", maana kitenzi kualika huhusu pia mlio mkavu. Tumeliacha kwa sababu mwaliko wa harusi umekwisha kulitwaa neno hilo katika matumizi ya kila siku, na istilahi ya onyo haifai kuwa na pacha.

TAMATI

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa ikipimwa mara nyingi kwa wingi wa majina mapya ya vitu. Historia ya difu inatushauri tupime pia kwa namna nyingine. Jina la chombo liliwatatiza hata waliokivumbua. Walijaribu fidia, wakajaribu mizani, wakaishia katika tofauti, na mafundi wa mataifa mbalimbali wakalikata wakabaki na silabi moja au mbili. Kulikubali neno "difu" si kushindwa, bali ni kufuata njia ambayo wengine wamepita.

Lakini sauti za difu inayougua hazina haja ya kukopwa popote. Mababu waliopambanua mvumo wa upepo, mngurumo wa simba na kishindo cha mti unaoanguka walituachia maneno yaliyo tayari kwa kazi. Mwalimu wa ufundi anayewafundisha wanafunzi wake kuyatenga maneno haya huwafundisha papo hapo kuyatenga magonjwa. Na mfasiri anayeandika "kelele" mara tano katika ukurasa mmoja ajue kwamba amefuta majibu matano, na kumwachia fundi swali moja lisilojibika.